Kayamba: Kutoka Ngoma ya Pepo Hadi Mesaimeer

Kila Desemba 12 tunapoimba hapa Mesaimeer, kayamba ndilo linalotangulia sauti zetu. Wengi wetu tulilikuta kanisani kwetu Kenya, tukadhani limekuwamo tangu zamani. Sivyo.

Kwa Wagiriama, Waduruma na Wadigo, kayamba ni jina la chombo na pia la ngoma ya uganga: hupigwa usiku kucha, mgonjwa akitulizwa pepo. Krapf alipofungua misheni ya Rabai mwaka 1846, milio hiyo ilikuwa imemzunguka, na wamisionari wengi waliofuata hawakutaka kuisikia ibadani. Waumini wakafundishwa nyimbo za Ulaya. Wapo wazee wa Pwani ambao mpaka leo hawajalizoea karibu na madhabahu. Tunawaelewa, wao walijua lilikuwa likimwita nani.

Walioufungua mlango walikuwa Waafrika pia. Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitunga Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 akachapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba 4 mwaka huohuo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya Liturujia iliyoruhusu ala nyingine zaidi ya kinanda, maaskofu wakiridhia. Siku nane baadaye bendera ya Kenya ikapanda. Kwa hiyo kayamba na nchi vilipata ruhusa mwezi mmoja!

Kanisa la Mama Yetu wa Rozari lilifunguliwa hapa Mesaimeer Machi 2008, kwenye ardhi iliyotolewa na Amiri. Nje halina msalaba wala kengele. Ndani, makayamba yetu ni ya kujitengenezea. Kwetu huundwa kwa matete na mbegu za mtipitipi, zile nyekundu zenye doa jeusi. Mbegu hizo zina sumu zikitafunwa, basi penye watoto tunatumia dengu. Badala ya matete, tunakata vipande viwili vya pazia la mianzi, tunavipigilia kwenye fremu ya mbao nyembamba, na katikati tunamimina dengu viganja viwili, si zaidi, likijaa halilii. Kokwa za tende zimejaa tele Doha, ila ni nzito mno, hugonga kama kokoto.

Hushikwa kwa mikono miwili, likainamishwa huku na huku, dole gumba likigonga pigo. Watoto wetu waliozaliwa hapa hulijaza wenyewe, kisha hulitikisa mpaka jirani wa chini agonge dari.