Katalogi mlangoni: inalipa au inachosha miguu tu?

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, si mnajua tena, asaimenti juu ya asaimenti, halafu kuna kozi moja ya saikolojia ya elimu imeamua kutumaliza. Leo nina mada, na mada yenyewe ni mshiko.

Bloku yetu hapa hosteli imevamiwa na katalogi. Mtu akibisha hodi usiku hujui kama amekuja kuomba chumvi au kukuuzia losheni. Rumeti wangu naye yumo tangu muhula uliopita, na juzi akaniwekea mambo mezani: nijiunge chini yake, kiingilio elfu thelathini, nipewe katalogi na namba ya uanachama, nianze kula kamisheni. Sasa bumu langu limebaki padogo, na nyumbani kuna mdogo wangu wa kidato cha nne ambaye mchango wake wa mitihani ya moko unanisubiri mimi. Elfu thelathini kwangu siyo hela ya kuchezea. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia (Historia na Kiswahili, mnaonijua mnajua), nikasema kabla sijatoa hata mia, acha nitafute hii biashara ilianzia wapi na ni nani hasa aliyekula.

Ilianzia kwenye vitabu bwana, wala siyo kwenye vipodozi. Marekani ya karne ya 19 maduka ya vitabu yalikuwa mijini, watu wengi walikuwa mashambani. Wachapishaji wakatafuta mawakala wa kupita nyumba kwa nyumba. Wakala hakubeba kitabu kizima. Alibeba kitabu cha mfano: kurasa chache, picha mbili tatu, vipande vya majalada ya bei tofauti, na mwishoni karatasi zenye mistari ya kuandika majina ya wanaoagiza. Ukifunuliwa pale ukakuta mchungaji na daktari wa kijijini kwenu wameshajiandikisha, unaona aibu kubaki nyuma. Ukitazama vizuri hiyo ndiyo katalogi ya rumeti wangu, imekosa losheni tu.

Na hela ilikuwepo kweli. Mwaka 1885 kampuni ya uchapishaji ya Mark Twain (yule yule mwandishi) ilitoa kumbukumbu za Ulysses Grant, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe aliyekuja kuwa rais, ambaye aliziandika akiwa amefilisika na anaumwa saratani ya koo, akafa siku chache tu baada ya kumaliza. Mawakala, wengine wakiwa askari wastaafu wa vita ile ile, wakakivamisha kile kitabu kila kona. Februari 1886 mjane wake akapokea hundi ya dola 200,000. Kwa enzi hizo hiyo ni hela ya kutisha. Ila angalieni hundi ilikwenda kwa nani: kwa mwenye kitabu. Wakala alipata kamisheni kwa kila jina aliloandikisha, na mteja akikataa kupokea mzigo ulipofika, kilio kilikuwa cha wakala. Hata kampuni ya Twain yenyewe ilifilisika mwaka 1894, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Kwa sisi wanafunzi kuna hili pia: kule Nashville kuna kampuni, Southwestern, ambayo tangu 1868 inawatuma wanafunzi wa vyuo kuuza vitabu nyumba kwa nyumba wakati wa likizo ili wapate hela ya masomo. Walianza na Biblia. Hapa kwetu wenzetu Wasabato wanalijua hili vizuri, wanafunzi wao wengi wamepata ada kwa kuuza vitabu likizo. Kwa hiyo mtu asikuambie mwanafunzi kubisha hodi ni jambo jipya.

Sasa losheni. Mwaka ule ule wa 1886, New York, muuza vitabu wa nyumba kwa nyumba aitwaye David McConnell alikuwa na mtindo wa kuwapa akina mama manukato kidogo ya bure ili wamfungulie mlango. Akagundua kwamba wanayasubiri manukato kuliko vitabu. Akaachana na vitabu, akaanzisha kampuni, akaiita California Perfume Company ingawa ilikuwa New York (wauzaji hao, California ina maua bwana!). Ndiyo hiyo ambayo mwaka 1939 ilichukua jina la Avon. Wakala wake wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Winchester, New Hampshire, Persis Albee, mtu wa miaka 50 hivi, mke wa mtu na mwenye kufahamika kwao. Yule mama hakuuza tu, alizunguka kuwatafuta wanawake wengine nao wauze. Wakati huo mwanamke wa Marekani hata kura ya kitaifa alikuwa hana, aliipata 1920. Kazi ambayo unaifanya kwa majirani zako, kwa saa zako, bila mwanaume wa kukusimamia, ilikuwa kitu kikubwa. Hapo mimi nawavulia kofia. Anayesema biashara hii ni utapeli tangu mwanzo hajasoma.

Waingereza wakaiga. Harry Crook alikwenda Marekani akafanya kazi kwa Alfred Fuller, yule Mkanada aliyeanza kuuza brashi mlango kwa mlango mwaka 1906, akarudi Bristol na kuanzisha Kleeneze mwaka 1923. Baadaye Kleeneze wakawa na mtindo wa kuiacha katalogi mlangoni, halafu wakala anarudi baada ya siku kadhaa kuichukua pamoja na oda. Miguu mara mbili kwa nyumba moja, mara tatu ukihesabu ya kupeleka mzigo.

Na kero nazo hazikuanza leo. Mji mdogo wa Green River, Wyoming, mwaka 1931 ulitunga sheria ndogo ya kuzuia kubisha hodi kuuza vitu bila kualikwa na mwenye nyumba, maana wafanyakazi wa reli waliokesha kazini walikuwa wanaamshwa mchana kununua brashi. Bloku yetu na sisi tutafika huko, hasa wiki ya yunivasite egzam.

Sasa njooni kwenye kitu kilichonifanya nikae chini. Katika miaka hii yote swali ni moja, gharama ziko mlangoni kwa nani. Mwaka 1982 sheria ya kodi ya Marekani ikaandika wazi kwamba wauzaji wa namna hii, wakilipwa kwa mauzo na wakiwa na mkataba wa maandishi, hawahesabiwi kuwa waajiriwa. Maana yake katalogi unanunua wewe, nauli yako, sampuli zako, na deni lisilolipwa ni lako. Kampuni imepata maelfu ya wauzaji bila mshahara, bila pensheni, bila likizo ya uzazi. Miaka mitatu kabla, 1979, tume ya biashara ya huko iliiangalia Amway ikasema siyo mnyororo haramu wa fedha, kwa sababu malipo yalitegemea bidhaa kuuzwa na siyo vichwa kuingizwa, na kulikuwa na masharti: uwe umeuza sehemu kubwa ya mzigo ndipo uagize mwingine, uonyeshe wateja halisi kumi kwa mwezi, na mzigo usiouzika urudishwe. Lakini hao hao Amway walikatazwa kutia chumvi kwenye ahadi za mapato. Mnaona sasa? Ukikutana na mtu anayekueleza zaidi kuhusu watu utakaowaingiza kuliko losheni utakayouza, muulize hayo masharti.

Rumeti ni mtu mkweli, akanipa daftari lake la mwezi uliopita. Mauzo 180,000, kamisheni asilimia 20, yaani 36,000. Akanunua katalogi sita za shilingi 2,000, hapo 12,000 imeondoka. Nauli ya kwenda mjini kuchukua mzigo mara nne, 8,000. Halafu kuna mtu kachukua mafuta ya 15,000 na kulipa hajalipa. Imebaki buku moja. Buku! Na hapo hatujahesabu ngazi za ghorofa nne.

Linganisheni na mama mdogo wangu, mwalimu wa msingi Kilosa. Anachukua vitenge na vyombo kwa mali kauli kwa mwenye duka, anaweka staff, walimu wenzake wanalipa kidogo kidogo kila mshahara ukitoka. Hatembei, wateja wake wanakaa naye chumba kimoja kila siku, anajua mshahara wa kila mmoja na tarehe yake. Kitenge cha harusi kikiisha, kuna cha msiba. Yule anapata ada ya watoto kwa hiyo kazi na simdanganyi mtu. Huyo ndiye Mama Albee wa kwetu: mtu mzima, anafahamika, amezungukwa na watu wenye kipato cha uhakika. Sisi hapa wateja wetu ni nani? Ni sisi kwa sisi, wote tunasubiri bumu moja, na likikata limekata kwa wote siku moja.

Halafu mjue hata wakubwa wenyewe wameyumba. Kleeneze ilianguka 2018. Agosti 2024 Avon Products ya Marekani iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na Tupperware ikafuata Septemba mwaka huo huo. Sababu zao ni tofauti, kuna kesi, kuna madeni, lakini mtu mwenye simu siku hizi anaweka picha stetasi akiwa kitandani, na wewe bado unapanda ngazi na kitabu.

Kwa hiyo nimemwambia rumeti hapana, kwa sasa. Nikishaajiriwa nikapangiwa kituo, tutaongea upya, tena huenda nikawa mkali kuliko mama mdogo. Elfu thelathini imekwenda kwenye moko. Hakununa, alicheka tu akasema nitajuta akipata gari, nami nikamwambia siku hiyo anipe lifti.

Jana tumekaa naye tukapanga upya lile daftari, na tumekubaliana hakuna tena kukopesha hadi bumu lijalo. Yule wa mafuta ya 15,000, ghorofa ya tatu, najua unasoma hapa. Ijumaa jioni tunakuja kubisha hodi.