Maneno Mageni katika Mahadhi ya Zamani

Mwaka 1875 mambo mawili yalitendeka mbali sana moja na jingine. Katika mji wa Moscow, Tchaikovsky, mtunzi wa muziki na mwalimu wa chuo cha muziki cha mji huo, alitafsiri kwa Kirusi maneno ya "Le nozze di Figaro". Huo ni mchezo wa kuimbwa ambao Mozart aliutungia muziki, na Lorenzo Da Ponte akauandikia maneno ya Kiitaliano. Ulionyeshwa kwanza Vienna mwaka 1786. Mwaka huo huo wa 1875, upande wa Kisauni katika bara ya Mombasa, mmisionari William Salter Price alianzisha Frere Town, makao ya mahuru, yaani watu waliookolewa katika utumwa. Ukipita Kengeleni leo utauona mnara wa kengele yao ungali umesimama.

Huenda ukauliza, msomaji: Moscow na Kisauni zina uhusiano gani? Zilikuwa na kazi moja, nayo ni kutia maneno ya lugha nyingine katika mahadhi yaliyokwisha kutungwa. Mwenye kutafsiri barua ana bwana mmoja, ndiyo maana. Mwenye kutafsiri wimbo ana mabwana watatu: maana, hesabu ya silabi, na mkazo wa sauti. Akimridhisha mmoja, mwingine hunung'unika.

Mtazame kwanza Mrusi. Maneno ya Kiitaliano, kama yetu, karibu yote huishia kwa irabu, na mara nyingi mkazo wake huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kirusi sivyo: mkazo wake huweza kuangukia silabi yoyote, na maneno mengi huishia kwa konsonanti. Mwaka 1755 Mwitaliano Francesco Araja alikuwa ametunga muziki kwa maneno ya Kirusi ya mshairi Sumarokov. Lakini hapo maneno yalitangulia, muziki ukafuata. Tchaikovsky hakuwa na nafasi hiyo. Mozart alikwisha fariki, na muziki wake ulikuwa umekaa kama ulivyo.

Sasa rudi Kisauni. Watu wa Frere Town walitoka katika makabila mbalimbali, Wayao, Wamakua na wengineo, na Kiswahili kiliwaunganisha. Kanisani waliimba Kiswahili kwa mahadhi ya Kiingereza. Mashairi mengi ya nyimbo za Kiingereza yana mistari ya silabi nane, na utenzi wetu pia una mizani nane. Je, si jambo jepesi basi? Hesabu inapatana, lakini mkazo unagombana. Mstari wa Kiingereza wa namna hiyo huanza kwa silabi nyepesi na kuishia kwa silabi nzito. Pigo hukaa katika silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane.

Jaribu mwenyewe. Chukua maneno haya: "Bahari yetu tulivu". Yana mizani nane kamili. Piga makofi katika pigo nilizozitaja. Mwanzo utakwenda vizuri, kisha utajikuta ukisema TU-li-VU, neno ambalo hakuna Mswahili alitamkalo hivyo. Sasa sema: "Pwani yetu ni tulivu", ukianza kwa pigo katika silabi ya kwanza. Kila mkazo umekaa mahali pake. Mfasiri mwema, basi, hana budi kutafuta mahadhi yanayoanza kwa pigo zito.

Usidhani kuwa hili ni jambo dogo. Ukisema baraBAra, umetaja njia. Ukisema baRAbara, umesema sawasawa. Mwimbaji anayelazimishwa kuhamisha mkazo huifanya lugha yake kuwa ya kigeni kinywani mwake mwenyewe. Kwa mahuru, waliokwisha kuondolewa katika nchi na lugha za wazee wao, hiyo ilikuwa hasara juu ya hasara.

Nyimbo za mataifa yetu zinatufundisha zaidi. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule Afrika Kusini, alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897 katika lugha ya Kixhosa, ambayo mkazo wake hukaa karibu kama wetu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliyachukua mahadhi hayo, na maneno ya Kiswahili yakakaa humo kwa raha.

Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963, kamati ya watu watano, Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake, ilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa. Hawakwenda Ulaya kutafuta mahadhi. Waliyapata kwa Wapokomo wa Mto Tana, katika wimbo ambao mama humbembelezea mtoto. Yalitiwa maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza pia. Na kwa kuwa yalizaliwa katika lugha ndugu ya pwani, Kiswahili kiliingia kama mwenye nyumba, Kiingereza kikawa mgeni. Mambo ya Frere Town yalikuwa yamegeuka.

Kwa hiyo, utakapoimba wimbo uliotafsiriwa, usiulize tu kama maana yake ni sahihi. Piga makofi, sikiliza mkazo unapoanguka, nawe utajua ni nani aliyelazimishwa kumpisha mwenziwe: maneno au mahadhi.