Mizizi ya Kigiriki katika Kiswahili

Mizizi ya Kigiriki ni sehemu za maneno zenye asili katika lugha ya Kigiriki ambazo zimeingia katika lugha nyingine, hasa katika istilahi za sayansi, dini na siasa. Kiswahili kimeipokea kwa njia kuu tatu: Kiarabu, Kanisa na Kiingereza. Nchini Tanzania kuijua kunawafaa sana wanafunzi. Mtoto wa Sumbawanga au Msanzi, mkoani Rukwa, anaweza kuzungumza Kifipa nyumbani, kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kukutana na masomo ya sekondari kwa Kiingereza.

Kupitia Kiarabu

Waarabu walitafsiri vitabu vingi vya Kigiriki na kufanya biashara na watu waliotumia lugha hiyo. Maneno waliyoyachukua yalifika baadaye pwani ya Afrika Mashariki. Kati yake kuna:
- falsafa, kutoka philosophia, "kupenda hekima"
- kalamu, kutoka kalamos, "tete"
- karatasi, kutoka khartes
- kanuni, kutoka kanon, "fimbo ya kupimia"
- almasi, kutoka adamas, "isiyoshindika"

Kupitia Kanisa

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, hivyo msamiati wa Kikristo umejaa maneno ya lugha hiyo. Mengine yalipitia Kilatini: Biblia (kutoka biblia, "vitabu"), Ekaristi ("shukrani") na krisma ("mpako wa mafuta"). Askofu (kutoka episkopos, "mwangalizi") na Injili (kutoka euangelion, "habari njema") yalipitia Kiarabu.

Wamisionari wa Afrika (White Fathers) walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Ukatoliki ukaenea hadi Ufipa. Adrian Atiman, aliyefanya kazi Karema tangu mwaka 1889 hadi kifo chake mwaka 1956, anakumbukwa kama tabibu na katekista. Neno katekista linatokana na kitenzi cha Kigiriki katekhein, "kufundisha kwa mdomo".

Kupitia Kiingereza

Istilahi nyingi za kisasa, kama vile biolojia (bios, "uhai", na logos, "neno" au "elimu"), jiografia (ge, "dunia", na graphein, "kuandika") na demokrasia (demos, "umma", na kratos, "mamlaka"), zimefika kwa njia hii.

Mfano ulio karibu na wakazi wa Rukwa ni heli. Mwaka 1868 wanaastronomia waliona katika mwanga wa Jua mstari wa rangi ya njano usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Elementi hiyo mpya ikapewa jina kutokana na helios, yaani "jua". Mwaka 1895 William Ramsay aliitenga hapa duniani. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwepo kwa akiba kubwa ya heli katika Bonde la Ufa la Rukwa. Gesi hiyo hutumika, kati ya mambo mengine, kupoza sumaku za mashine za MRI hospitalini.

Gesi adimu nyingine pia zina majina ya Kigiriki: neoni ("mpya"), argoni ("mvivu", kwa kuwa haiungani kwa urahisi na elementi nyingine), kriptoni ("iliyofichika") na ksenoni ("mgeni").

Matumizi katika kujifunza

Mara nyingi neno la Kiswahili limeundwa kwa maana ileile ya mizizi ya Kigiriki, hivyo anayelijua ameshapata nusu ya jibu:
- usanisinuru huitwa kwa Kiingereza photosynthesis: phos ni "nuru", synthesis ni "kuweka pamoja"
- kipimajoto huitwa thermometer: thermos ni "-enye joto", metron ni "kipimo"

Mizizi hiyo hurudi katika maneno mengine. Anayejua phos hatashangazwa na photograph ("kuandika kwa nuru", yaani picha), wala anayejua metron hatapotea akikuta barometer. Hata kiboko, mnyama anayepatikana katika Ziwa Rukwa, huitwa kwa Kiingereza hippopotamus, kutoka hippos, "farasi", na potamos, "mto".

Tahadhari

Kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili moja. Kanisa halitokani na ekklesia ya Kigiriki, bali na neno la Kiarabu lenye asili ya Kiaramu. Katika Kiingereza, ped- ya pedal ni ya Kilatini na maana yake ni "mguu", lakini ped- ya pediatrics ni ya Kigiriki na maana yake ni "mtoto". Maneno mengine ni mchanganyiko: televisheni ina tele ya Kigiriki ("mbali") na visio ya Kilatini ("kuona"). Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayekisia maana kwa mzizi anapaswa kuihakikisha katika kamusi.