Kutoka Starlet hadi Leaf: mteremko wa Nithi

Leo tuache programu kidogo, tuongee magari madogo yenye mbio.

Volkswagen iliyapa umaarufu kwa Golf GTI mwaka 1976. Toyota ikatoa Starlet Glanza mwaka 1996, injini ya lita 1.3 yenye tabo. Yangu ni ya 1997. Kupanda milima kati ya Embu na Meru ni raha tupu. Shida ni kuteremka. Daraja la Nithi limeua wengi; Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni pale, watu zaidi ya 30 wakafa. Mwaka jana nikiteremka hapo breki zilipata moto, nakanyaga hazishiki. Gia ya pili ndiyo iliyoniokoa.

Nissan Leaf, gari la umeme lililotoka Desemba 2010, lina njia nyingine. Ukiondoa mguu, mota inageuka jenereta: inapunguza mwendo na kurudisha umeme kiasi kwenye betri. Lakini betri ikijaa pomoni, umeme huo hauna pa kwenda, na msaada unapungua.

Kwa hiyo mwenye Leaf, usiijaze asilimia 100 ukiwa juu ya mteremko. Mimi bado naweka akiba ya kuinunua. Kwa sasa, gia ya pili. Safari njema!