Kuzama kwa Khedive Ismail na Shaka Isiyokwisha

Mtu aliyesimama katika stesheni ya Nakuru zama za Vita Vikuu vya Pili aliona sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki ikimpita mbele ya macho, kwa kuwa reli itokayo Kisumu na reli itokayo Uganda zilikutana hapo, na kijana aliyeandikishwa askari Nyanza, Uasin Gishu au ng'ambo ya Mto Nile, akapelekwa pwani kwa gari la moshi, hakuwa na njia nyingine ila hiyo. Gilgil nayo ilikuwa mji wa kambi, na makaburi ya vita yaliyoko huko hata leo yanashuhudia wingi wa majeshi yaliyokaa katika Bonde la Ufa kabla ya kusafirishwa. Walakini wako waliopita Nakuru wasiopata kaburi Gilgil wala penginepo, na miongoni mwao, yamkini, ni baadhi ya wapiga mizinga waliopanda merikebu Khedive Ismail katika bandari ya Kilindini mwezi wa Februari 1944. Juu ya kifo chao pana mabishano ambayo miaka zaidi ya themanini haijayamaliza.

Merikebu yenyewe haikuundwa kwa vita. Iliundwa Scotland mwaka 1922, ikaitwa Aconcagua, ikawa ya abiria chini ya kampuni ya Chile. Mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya Misri, ikapewa jina la yule Khedive Ismail aliyetawala Misri tangu 1863 hata 1879. Vita vilipozuka Waingereza waliitwaa kuchukulia askari. Safari hiyo ya kwenda Kolombo ilikuwa na watu 1,511, na 996 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika ya Mashariki, maofisa na askari pamoja. Waliosalia walikuwa mabaharia, wanajeshi wengine, na wanawake 83, aghalabu wauguzi. Ilifuatana na merikebu nyingine nne za askari, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga, na msafara wote ulikuwa na roho zaidi ya 6,000. Siku ya shambulio walinzi wake walikuwa manowari tatu tu: Hawkins, iliyokuwa kubwa lakini kuukuu, na mbili nyepesi za kusaka nyambizi, Petard na Paladin.

Tarehe 12 Februari, saa nane u nusu hivi za mchana, msafara ukiwa katika mkondo upitao baina ya visiwa vya Maldivi, bahari ikiwa shwari na baadhi ya abiria wakisikiliza muziki ukumbini, nyambizi ya Kijapani I-27 ilirusha topido zake. Mbili ziliipata Khedive Ismail. Ilizama kwa muda usiotimia dakika tatu, na wengine husema haukutimia mbili. Muda huo hautoshi kushusha mashua hata moja; hautoshi hata kumwezesha mtu aliye sitaha ya chini kupanda ngazi iliyojaa wenzake. Waliopona walikuwa wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa, 1,297.

Kama habari ingekoma hapo, tungekuwa na msiba mkubwa wa vita na wala si shauri la kubishaniwa, maana hakuna hata mmoja anayekana kwamba nyambizi iliyofanya tendo hilo ilikuwa ya Wajapani. Shaka ilianza baada ya merikebu kutoweka. Mamia ya watu walikuwa majini, wakishika mbao na maboya. Paladin ilishusha mashua kuwaokoa. Na kumbe I-27 ilikuwa chini papo hapo, karibu na wale waliokuwa wakielea. Luteni-Kamanda Rupert Egan, nahodha wa Petard, aliamuru mabomu ya kulipukia chini ya maji yatupwe. Bomu moja la namna hiyo lilibeba baruti ya uzito wa kilo 130 hivi, na maji hayapunguzi nguvu ya mlipuko kama hewa ipunguzavyo: mtu aliye karibu hupasuka mapafu na matumbo bila ngozi yake kuonyesha jeraha. Mabaharia wa Petard walijua jambo hilo walipokuwa wakizivuta nyenzo.

Nyambizi ililazimika kuibuka. Hapo vikatokea vita vya ajabu, kwani makombora ya mizinga ya Petard yalipasuka juu ya gamba lake la chuma bila kulitoboa. Paladin ilikaza mwendo ili iigonge kwa omo, Petard ikaipelekea ishara iache, nayo ilipokuwa ikigeuka ikapitiwa na pezi la nyambizi lililoipasua tumbo, maji yakaingia chumba cha injini. Egan alirusha topido moja baada ya nyingine zikakosa, hata ya saba ikaipata I-27 na kuivunja.

Wanaomtetea Egan hunena hivi: zilibaki merikebu nne zilizojaa watu, nyambizi ilikuwa bado na topido, na kama angalingoja waogeleaji waokotwe huenda ingalizamisha ya pili na ya tatu; kwa hiyo alichagua uovu mdogo. Wanaomlaumu hujibu kwamba zile nne zilikwisha kutawanyika na kukaza mwendo, kwamba nyambizi iliyo chini ya maji haiwezi kuifukuza merikebu iendayo kwa kasi, na kwamba Petard ingeweza kuivizia mahali hapo hata iishiwe na hewa. Wako pia wasemao kwamba waliouawa na mabomu hayo hawakuwa wengi, kwa kuwa merikebu ilikwisha kushuka na watu wengi mno. Baina ya kauli hizo kuna umbali ambao hesabu ya waliokufa haiwezi kuuziba, kwani 1,297 ni jumla moja, nayo haitenganishi aliyekufa sitaha ya chini na aliyekufa baadaye akiwa ameshika ubao. Kwa rai yangu hoja ya watetezi ni nzito zaidi, ila uzito wake unategemea yale Egan aliyoyajua saa ile, wala si yale tunayoyajua sisi, ambao tunaweza kupima masafa ya kila chombo kwa rula juu ya karatasi.

Dhana ya pili ni kwamba nahodha wa I-27, Toshiaki Fukumura, alijificha makusudi chini ya waogeleaji ili wawe ngao yake. Nyambizi hiyo ilikuwa na historia: mwaka 1942 ilibeba mojawapo ya nyambizi ndogo zilizoingia bandari ya Sydney, kisha ikaja kuwinda merikebu za mizigo katika Bahari ya Hindi. Lakini Fukumura alikufa na siri ya nia yake, na nyambizi iliyorusha topido mahali fulani haina budi kuwa karibu na mahali hapo nusu saa baadaye. Dhana ya tatu ni ya wasomaji wa riwaya: Nicholas Monsarrat, katika The Cruel Sea ya mwaka 1951, alieleza manowari ikitupa mabomu katikati ya waogeleaji, na wengi wameona humo habari ya Khedive Ismail. Monsarrat alihudumu Atlantiki, na mimi siuoni uhusiano huo kuwa na nguvu. Hata hivyo riwaya hiyo, na filamu yake ya 1953, ndizo zilizowafanya Waingereza wengi kulijua shauri la namna hii, na wakalijua kwa jicho la nahodha.

Mabishano juu ya vyombo vya vita vilivyozama si mageni. Manowari ya Marekani Maine ilipolipuka Havana mwaka 1898, baraza la kwanza lilisema ni bomu la kutegwa baharini, la 1911 likasema vivyo hivyo kwa sababu nyingine, na uchunguzi wa Amiri Rickover wa 1976 ukaona yamkini moto wa makaa ndani ya merikebu yenyewe. Cheonan ya Korea ya Kusini ilivunjika vipande viwili mwaka 2010, mabaharia 46 wakafa. Wataalamu wa nchi kadhaa wakasema ni topido ya Korea ya Kaskazini, na raia wengi wa Korea ya Kusini yenyewe hawakukinai. Katika mambo hayo mawili watu waliuliza: nani aliizamisha? Swali letu ni jingine, nalo kwa bahati mbaya limeulizwa kwa upande mmoja tu.

Kwani huko Uingereza mjadala umehusu dhamiri ya Egan na wale wauguzi na wanawake wenzao wa vikosi vingine, ambao 77 kati yao walikufa, nao ni msiba usio na kifani katika majeshi ya wanawake wa himaya ile. Brian Crabb aliandika kitabu kizima, Passage to Destiny, kilichotolewa mwaka 1997, na kwa juhudi yake majina mengi yaliokolewa na usahaulifu. Ila ukitazama kutoka Bonde la Ufa, jambo la kwanza kuulizwa si lile la mabomu. Ni kwa nini kikosi karibu kizima cha mizinga kilitiwa ndani ya chombo kimoja kikuukuu, na kwa nini watu zaidi ya elfu sita walilindwa na manowari tatu, ilhali ilikuwa inajulikana kwamba nyambizi za Kijapani zilikuwa katika bahari ile. Hayo ni maswali ya waliopanga safari, yaani ya maofisi, na maofisi hayakuwa na desturi ya kujieleza mbele ya askari Mwafrika wala mbele ya mzazi wake. Gazeti la Baraza, lililoanzishwa mwaka 1939, lilisomwa sana na watu wa Kenya wakati wa vita, lakini gazeti lililo chini ya wakaguzi wa serikali halikuwa mahali pa kutafuta safari za merikebu za askari.

Na vita vilipokwisha, walioshika bunduki hawakurudi wote katika nchi moja. Serikali ilitengeneza mpango wa kuwapa Wazungu waliotoka vitani mashamba katika nyanda za juu, pamoja na zile zinazoizunguka Nakuru. Askari Mwafrika hakuwa na fungu humo. Katika wilaya hiyo hiyo, huko Olenguruone, wakulima Wakikuyu waligombana na serikali juu ya masharti ya ardhi hata wakafukuzwa mwishoni mwa miaka ya arobaini. Katika hali hiyo nani angalikwenda kwa Bwana DC kuuliza habari za merikebu? Mwenye haja ya kujua alibaki na kauli za walionusurika, waliochukuliwa kwanza hadi Addu katika ncha ya kusini ya Maldivi, kisha wakatawanywa na vita.

Nyaraka za jeshi la majini sasa zinasomeka London, na mtu mwenye subira anaweza kulinganisha saa zilizoandikwa na Petard na zile za Paladin. Zinaeleza nini kilionekana kutoka daraja la manowari. Hazielezi kilichoonekana na mpiga mizinga aliyekuwa majini mchana ule, na kilichobaki cha ushahidi wake, kama kipo, kimo katika barua, vitabu vya kustaafu na masanduku ya nishani ndani ya nyumba za Kisumu, Kericho, Nakuru na Mbale. Jumba la makumbusho la Hyrax Hill lipo mwendo mfupi tu kutoka stesheni, nalo limezoea kuchimbua habari za watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Wajukuu wa askari hawa wangali hai, na barua zao hazihitaji kuchimbuliwa bali kuombwa.