Bata dume ao jike? Namna ya kutambua mbele ya kununua

Kayna, wilayani Lubero, mfugaji anaweza kununua watoto sita wa bata, kisha akajikuta na madume matupu: chakula kinaisha, mayai hakuna.

Aina: bata wa uso mwekundu, Barbarie kwa Kifaransa, asili yake ni Amerika. Mtoto wake ana makucha makali. Mayai yake yanaanguliwa siku ya 35 hivi. Ya bata wa kawaida, siku ya 28.

Umri: mwenye manyoya laini matupu hajafikisha mwezi. Barbarie ambaye mabawa yake yanakutana mgongoni anakaribia miezi mitatu.

Jinsia: kwa bata wa kawaida wa miezi miwili, sikiliza sauti. Jike anapiga kelele. Dume sauti yake ni ya chini, imekwaruza. Baadaye dume anajikunja manyoya ya mkia. Kwa Barbarie, angalia mwili: dume ana miguu minene, na akikomaa anakaribia uzito wa majike mawili.

Kumpima mtoto wa siku moja kwa kumfungua nyuma kunataka mkono uliozoea, la sivyo anaumia.

Basi, afazali kungoja miezi miwili na kulinganisha ndugu wa uzao mmoja. Dume mmoja anatosha majike manne ao matano.