Fahari ya Mubi

Huko Mubi, wilayani Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako miaka ya 2000 kasiteriti, yaani madini ya bati, ya mgodi wa Bisie ilikuwa ikibebwa migongoni mwa wapagazi, gunia la kilo 50 likipasua msitu hadi barabarani, kijana aliyejaliwa riziki aghalabu aliidhihirisha kwa bia, simu na viatu vipya kabla ya kulipa madeni yake. Israfu hiyo yanihuzunisha, kwani ilifanywa juu ya jasho la hatari, na wazee nao wakaanza kuipokea kama dalili ya heshima. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipopiga marufuku uchimbaji Kivu na Maniema, ndege za madini na bidhaa zilizokuwa zikitua juu ya lami ya barabara huko Kilambo zikapungua, ikaadimika si fahari tu, bali chumvi na sabuni pia.